Sura ya Sita: Tundu Juu ya Gego

Aliyeng'olewa gego la juu asubuhi, na jioni akaona chai inamtoka puani, hajarogwa. Kilichompata kina sababu inayoeleweka na tiba inayojulikana. Tiba hiyo ni nyepesi siku ya kwanza. Baada ya mwezi inahitaji chumba cha upasuaji. Sura hii inahusu muda ulio kati ya siku hizo mbili, kwa sababu katika mkoa mpana kama Rukwa, ambako anayetoka Kirando au Kasanga anasafiri saa nyingi kabla ya kufika Sumbawanga mjini, ndipo mgonjwa anapopotea.

Ndani ya mfupa wa taya la juu, kila upande wa pua, kuna chumba chenye hewa tupu. Waganga wa hospitali wanakiita sainasi ya taya. Kwa mtu mzima kinabeba wastani wa mililita 15, sawa na vijiko vitatu vya chai. Kuta zake zimefunikwa utando mwororo wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo usiku na mchana vinasukuma makamasi kuelekea kwenye kitundu kinachofungukia puani. Kitundu hicho kiko juu, karibu na paa la chumba. Ndiyo maana usaha ukishajaa humo hautiririki wenyewe kwenda nje; hutoka pale tu vinyweleo vinapokuwa na nguvu ya kuupandisha.

Sakafu ya chumba hicho ndiyo iliyolala juu ya magego. Mizizi ya gego la kwanza na la pili la juu huikaribia mno: kwa watu wengine mfupa uliobaki kati ya ncha ya mzizi na sainasi ni mwembamba kama karatasi, na kwa wengine mfupa haupo kabisa, kuna utando peke yake. Mtoto huzaliwa na sainasi ndogo sana, nayo hupanuka kadiri meno ya ukubwani yanavyoota, kwa hiyo hili ni tatizo la watu wazima zaidi kuliko la watoto. Jino lililooza muda mrefu na kuweka usaha kwenye ncha ya mzizi hula mfupa kidogo uliokuwapo. Na lipo gego moja la kuogopwa kuliko yote: lile lililobaki peke yake baada ya majirani zake kung'olewa miaka iliyopita. Pale majirani walipotoka, sakafu ya sainasi imeshuka kulizunguka, mfupa wake umekuwa mgumu, na likivutwa kwa nguvu linaweza kutoka na kipande cha sakafu hiyo. Kwa macho ya mgonjwa ni jino la mwisho, jepesi, la kumaliza kazi. Aliye na koleo mkononi anapaswa kuliona kwa jicho jingine.

Tundu la namna hii, linalounganisha kinywa na sainasi, halitokei kila siku. Vitabu vya upasuaji wa kinywa vinataja kuanzia chini ya mgonjwa 1 hadi 5 katika kila 100 wanaong'olewa magego ya juu. Lakini katika nchi ambayo kwa watu wengi tiba ya jino linalouma bado ni kuling'oa, asilimia ndogo ya wengi ni watu wengi.

Maarifa haya yana historia ndefu. Leonardo da Vinci alichora sainasi ya taya mnamo 1489, ila michoro yake ilikaa karne nyingi bila kuwafikia waganga. Aliyeifanya ijulikane ni daktari wa Uingereza, Nathaniel Highmore, katika kitabu chake cha anatomia cha mwaka 1651. Humo alieleza habari za mwanamke aliyeng'olewa jino la juu na kubaki na tundu lililokuwa likitoa majimaji. Kwa udadisi mwanamke huyo aliingiza unyoya tunduni, ukazama mpaka akaingiwa na hofu kuwa umefika kwenye ubongo. Highmore alimtuliza kwa kumweleza kwamba pale juu kuna chumba, na kwamba ubongo uko mbali. Karibu miaka 400 baadaye hofu ni ileile. Mtu akisikia hewa ikipita kati ya kinywa na pua yake, wazo la kwanza ni kwamba kichwa kimetobolewa. Anahitaji kuelezwa kwa utulivu, na mtu wa kumweleza ni yule yule aliyeng'oa jino, kabla hajateremka kitini.

Uwanda wa Ufipa una mambo yake yanayolikuza tatizo hili. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800. Mwezi wa Juni na Julai upepo unakata, usiku ni wa baridi kali, na mafua yanapita nyumba kwa nyumba. Mafua yanavimbisha utando wa sainasi na kuziba kile kitundu cha juu, na kila chafya inasukuma hewa kwa nguvu kuelekea kwenye kidonda ambacho kingefunga. Vilevile, anayetoka mjini kwenda Muze anashuka ukingo wa Lyambalyamfipa, karibu mita 1,000, hadi bonde la Ziwa Rukwa. Masikio yanaziba na kuzibuka njiani kwa sababu shinikizo la hewa bondeni linazidi la uwandani kwa takriban sehemu moja ya kumi. Sainasi iliyoziba nayo husikia mteremko huo, na mwenye usaha ndani huumwa shavu na paji la uso kabla gari halijafika chini.

Kisha ipo kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija. Daktari wa meno aliyesomea kokote duniani hukataza mrija baada ya jino kung'olewa, maana kufyonza kunang'oa bonge la damu lililoziba shimo. Mgeni anaweza kusema "usitumie mrija" akafikiria soda, na mgonjwa akaitikia kwa moyo mweupe akiwa hakuwa na mpango wowote wa soda. Ukitibu watu wa Ufipa, taja kimpumu kwa jina. Mwambie mgonjwa kwamba kwa wiki mbili chungu kitakaa bila yeye, na kwamba kilevi chenyewe nacho kinachelewesha kidonda. Maelekezo yasiyogusa maisha ya anayeelekezwa ni sauti tupu.

Tukirudi kwenye kiti cha meno: gego limetoka, na jambo la kwanza ni kuliangalia lenyewe. Kama mizizi yote ipo na hakuna kipande cha mfupa kilichoganda nayo, hofu inapungua. Kama mfupa upo, au mzizi mmoja umekatika na hauonekani, ishara hiyo isipuuzwe. Njia ya kupima iliyozoeleka ni kumwomba mgonjwa abane pua, afungue kinywa na apulize polepole kupitia puani. Damu ikitoa mapovu ndani ya shimo, njia ipo. Asipulize kwa nguvu, maana utando ambao haujapasuka unaweza kupasuka kwa kipimo hicho hicho. Na kamwe shimo lisichokonolewe kwa chuma kutafuta kama lina mwisho. Mara nyingi mfupa unakuwa umevunjika huku utando ukiwa mzima, na utando mzima unatosha kuokoa mambo yote.

Tundu lenye upana usiozidi milimita 2 kwa kawaida hujifunga. Linachohitaji ni bonge la damu litulie, na mgonjwa aelewe. Likiwa pana zaidi kidogo, sponji ya jelatini inawekwa juu ya shimo na kushikiliwa kwa mshono wa namba nane unaovuka kutoka fizi ya shavuni hadi ya ndani. Kosa linalofanyika kwa nia njema ni kushindilia shimo kwa pamba au shashi ili damu ikome na maji yasipite. Kilichoshindiliwa ndani kinazuia bonge la damu lisijengeke, na hivyo kinalinda tundu badala ya kulifunga. Likizidi milimita 5, mshono huo hautoshi. Linahitaji kufunikwa kwa kipande cha nyama ya kinywani, na wakati mzuri wa kufanya hivyo ni siku ileile au ndani ya saa 48, kabla wadudu wa kinywani hawajajaa kwenye sainasi.

Kwa wote, wenye tundu kubwa na wenye tundu dogo, masharti ni mamoja kwa siku 14. Usipenge kamasi. Chafya ikija, iache itoke kinywa kikiwa wazi. Usifyonze kitu, usivute sigara, usisukutue kwa nguvu, usipulize moto wa kuni wala baragumu. Kula vyakula laini kwa upande mwingine wa kinywa. Daktari akikupa amoksilini na matone ya pua, maliza dozi. Matone hayo hupunguza uvimbe kwenye kitundu cha juu, na sainasi inayopumua kwa juu haina sababu ya kupumulia chini.

Ni kazi ndogo, na inawezekana katika kituo cha afya chenye taa nzuri, ganzi, sindano ya kushonea na mtu aliyefundishwa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kinachofuata, pale ambapo halikufanyika, ni kirefu na ni cha gharama.

Baada ya siku chache za kuachwa wazi, ngozi laini ya kinywani huanza kupanda kingoni mwa tundu, na utando wa sainasi huanza kushuka kukutana nayo. Ndani ya wiki mbili au tatu vinakutana, na tundu linakuwa mfereji wenye ngozi yake pande zote. Hiyo ndiyo fistula, na kanuni yake haina tofauti na ile ya akina mama walioumia kwa uzazi pingamizi: mahali palipopata ngozi mwili unahesabu pamepona, hauna tena nia ya kupafunga. Chakula kinapanda, usaha unashuka. Mgonjwa anasikia ladha mbaya kinywani, pua moja inatoa uchafu wenye harufu, sauti inabadilika, akinywa maji akiwa ameinama yanamtoka. Mara nyingi huanza kutibiwa mafua sugu. Anapewa dozi, anapata nafuu, dozi ikiisha hali inarudi. Anaacha kula mbele za watu. Wapo wanaoacha kwenda kanisani kwa sababu ya harufu, na wapo wanaotafuta aliyewafanyia. Sumbawanga imesingiziwa uchawi vya kutosha. Hapa sababu ni mzizi wa gego, na swali moja la mhudumu lingeweza kuifichua: pua inayotoa uchafu ni moja au zote mbili, na je, upande huohuo uling'olewa jino lini?

Fistula haishonwi siku inapogunduliwa kama kuna usaha. Kuifunga juu ya uchafu ni kuufungia ndani, na mishono itafumuka ndani ya wiki. Kwanza sainasi inasafishwa kwa maji ya chumvi yanayopitishwa katika tundu lenyewe, siku baada ya siku, pamoja na dawa, mpaka maji yatoke meupe. Picha ya eksirei inaonyesha kama sainasi imejaa, na kama kuna mzizi uliosukumwa ndani. Ndipo mpasuaji anapokata na kuondoa ile ngozi ya mferejini yote, ili abaki na kidonda kibichi, kwa kuwa kidonda kibichi tu ndicho kinachokubali kufunga.

Sasa anahitaji kifuniko, na kinywa kina akiba tatu. Ya kwanza ni shavu. Mwaka 1936 mpasuaji Mjerumani, Rehrmann, alieleza mbinu ambayo hadi leo ndiyo inayotumika zaidi. Fizi ya upande wa shavu inakatwa mistari miwili inayotanuka kuelekea juu, inanyanyuliwa kama kipande kipana, kisha sehemu ya ndani yake, ile ngozi ngumu iliyoshikana na mfupa, inachanjwa kwa wembe mwepesi. Chanjo hiyo ndiyo siri ya kazi nzima. Kabla yake kipande hakivutiki hata milimita. Baada yake kinanyooka, kinavuka tundu na kushonwa upande wa pili bila kukazwa. Mshono uliokazwa ni mshono uliokwisha kushindwa. Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba inapunguza kina cha nafasi kati ya fizi na shavu, na mtu anayetaka meno ya bandia anaweza kupata shida yakae, ingawa nafasi hiyo hurudi kwa kiasi baada ya muda.

Akiba ya pili ni kaakaa. Nyama yake ni nene, imara, na ndani yake unapita mshipa wa damu unaotokea nyuma na kwenda mbele. Mwaka 1939 Ashley alieleza namna ya kukata kipande kirefu cha nyama hiyo, mshipa ukiwa ndani yake, na kukizungusha kifunike tundu. Kwa tundu lililokwisha kushindikana mara moja kwa nyama ya shavu, huu ni msaada mkubwa. Malipo yake ni sehemu ya mfupa wa kaakaa inayobaki wazi na kuuma kwa wiki kadhaa, na kwa mtu wa ugali wa moto na samaki mwenye miiba, wiki hizo ni ndefu.

Ya tatu ndiyo inayonishangaza kila ninapoisoma. Ndani ya kila shavu kuna kifuko cha mafuta ambacho Mfaransa Xavier Bichat alikieleza mwanzoni mwa karne ya 19, na ambacho hata mtu aliyekonda kwa njaa au ugonjwa hakimwishii chote. Mwaka 1977 Egyedi alionyesha kwamba kifuko hicho kinaweza kuvutwa kwa upole kupitia mkato mdogo, kikatandazwa juu ya tundu kubwa na kushonwa. Hakihitaji kufunikwa na kitu kingine. Kinachubuka, kinageuka chekundu, na ndani ya wiki nne hadi sita kimeota ngozi ya kinywani juu yake. Damu yake ni nyingi, hivyo hakifi kirahisi.

Mbinu zote tatu zinaweza kufanywa kwa ganzi ya sindano, mgonjwa akiwa macho. Mishono hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Mzizi ukiwa umezama ndani ya sainasi, mpasuaji hufungua dirisha dogo mfupani, juu ya fizi, nyuma ya mdomo wa juu, na kuutoa. Njia hiyo inabeba majina ya George Caldwell wa New York, aliyeichapisha 1893, na Henri Luc wa Paris, aliyeifikia mwenyewe na kuieleza 1897.

Lipo onyo ambalo mhudumu wa meno hapaswi kulisahau. Tundu lisilopona baada ya kutibiwa ipasavyo, au gego lililolegea bila kuoza, huenda ni alama ya uvimbe ndani ya taya. Mwaka 1958 Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, alichapisha habari za saratani iliyokuwa ikivimbisha mataya ya watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakipita hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa huo ulifuata nchi za joto na mvua, ukawa adimu kwenye miinuko. Kwa mkoa wenye uwanda wa baridi katikati na mabonde mawili ya joto pembeni, la Rukwa na la Tanganyika, habari hiyo ina maana ya kazi: mtoto wa mwambao ambaye meno yake ya juu yanalegea na shavu linavimba asing'olewe jino, apelekwe hospitali haraka.

Sasa ni nani wa kufanya haya yote? Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na wahitimu wake bado ni wachache kwa nchi kubwa hivi. Vijijini anayeng'oa jino ni tabibu wa meno, na mahali pengine ni mhudumu aliyejifunzia kazini. Mabingwa wa upasuaji wa kinywa na taya wanapatikana katika hospitali kubwa, na kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, imefupisha safari ambayo masika ya zamani iliweza kumeza siku nzima na zaidi. Hata hivyo nauli, chakula, malazi na ndugu wa kumsindikiza mgonjwa havikufupishwa na lami.

Wapo wanaosema upasuaji wowote wa taya uachiwe bingwa. Historia ya upande huu wa nchi inawapinga. Karema, mwambao wa Tanganyika, ambayo hadi 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa kabla ya Katavi kumegwa, ilikuwa na Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria, akasomea utabibu Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema akiwa katekista na tabibu. Alitibu na kupasua watu wa ziwani mpaka alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60, mbali na hospitali yoyote kubwa. Sumbawanga ina hospitali inayobeba jina lake. Alichokuwa nacho Atiman ni mafunzo ya kweli, vifaa vyake mwenyewe, na kukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuona kama kidonda alichokishona kilipona.

Msimamo wangu ni huu. Kutambua tundu na kuweka mshono wa siku ya kwanza ni wajibu wa kila kituo kinachong'oa magego ya juu, kuanzia Laela hadi Namanyere, na kituo kisicho na uzi na sindano ya kushonea kisiguse gego la juu lililobaki peke yake. Kufunga fistula kwa nyama ya shavu ni kazi inayopaswa kufanyika Sumbawanga mjini, mgonjwa alale kwake au kwa nduguye. Mbeya na Muhimbili wabakiziwe matundu yaliyoshindikana, mizizi iliyozama na uvimbe. Halmashauri zinapopanga bajeti za vifaa tiba, koleo huwa halikosekani kwenye orodha. Uzi, sponji na taa viandikwe mstari uleule na koleo.

Nawe msomaji, ukienda kung'olewa gego la juu, mwambie tabibu kama una mafua, kama uliwahi kuumwa sainasi, na kama meno ya jirani yalishatoka. Kabla hujaondoka muulize kama shimo liko salama. Ukifika nyumbani ukanywa maji yakatokea puani, usione haya wala usingoje kidonda kikauke. Rudi siku hiyohiyo, au kesho yake alfajiri, kwa aliyekung'oa, na umwambie kwa maneno hayohayo: maji yanatokea puani.